Huruma Iliyopitiliza

Iko nchi iitwayo Jamhuri ya Shwari, na asiyeiona kwenye ramani ailaumu ramani. Katika nchi hiyo hakuna njaa. Haikuwa kazi nyepesi kuiondoa. Bunge lilikaa siku mbili nzima, na siku ya pili, mara tu waheshimiwa waliporudi kutoka kwenye chakula cha mchana, kura zikapigwa na njaa ikafutwa kwa sauti moja. Tangu hapo mtu akikosa chakula huandikwa kwamba ana "nafasi ya tumbo". Na mvua ikikosekana misimu mitatu mfululizo, kama ilivyotokea wilayani Kavumbi, gazeti la serikali huwapongeza wananchi kwa kujaliwa jua la ziada.

Huko Kavumbi ndiko alikokuwa akifundisha Mwalimu Zamoyoni, darasa la sita, Shule ya Msingi Mtakuja. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili, mwenye sauti ya chini iliyosikika mpaka dawati la mwisho. Hakuwa shujaa. Akiletewa amri isiyo na akili alisema "sawa", kisha akatafuta namna ya kuitekeleza bila kuwaumiza watoto. Kwa miaka kumi na minane njia hiyo ilimfaa.

Siku moja walimu wote wa wilaya wakaitwa ukumbini. Waziri wa Elimu, Huruma na Taswira Njema alikuwa amehudhuria mkutano ng'ambo, akaona watoto wa mataifa mengine wakitumia mtandao kuelimishana kuhusu masaibu ya wanadamu, darasa kwa darasa, nchi kwa nchi. Inasemekana alilia mpaka akaongezewa leso. Aliporudi akaamuru kila darasa katika Shwari lipewe janga lake la kulihurumia mtandaoni.

Majanga yaligawiwa kwa kura. Bwana Kidubwa, Afisa Huruma wa Wilaya, mtu mnene mwenye tabia ya kufunga macho anaposema neno "binadamu", alivua kofia yake akaanza kuchomoa vikaratasi.

"Shule ya Mwangaza! Tetemeko la ardhi!"

Walimu wa Mwangaza wakakumbatiana. Mmoja alipiga vigelegele.

"Shule ya Kilimahewa! Kimbunga!"

"Lakini mheshimiwa, sisi tuliahidiwa volkano," mwalimu wa Kilimahewa akalalamika.

"Volkano ni za shule za mkoani. Mkifanya vizuri mwaka huu, tutaona."

Mtakuja wakapata mafuriko. Yalikuwa yametokea Velmora, nchi ya baridi huko juu kabisa kwenye kichwa cha dunia. Zamoyoni akainua mkono.

"Samahani mheshimiwa. Darasani kwangu wapo watoto ambao wao wenyewe hawajapata..."

"Kanuni ya kwanza, Mwalimu," Bwana Kidubwa akamkatiza kwa upole. "Huruma ielekezwe umbali usiopungua kilomita elfu moja. Chini ya hapo si huruma tena. Ni uchochezi."

"Sawa," akasema Zamoyoni, akakaa.

Wiki iliyofuata vishikwambi vikafika Mtakuja, kimoja kwa kila darasa, pamoja na paneli ya sola. Barua iliyoambatana navyo ilitaka vitunzwe kwenye chumba chenye mlango wa kufungwa. Shule ilikuwa na mlango mmoja tu wa namna hiyo, nao ulikuwa wa stoo ya chakula. Magunia mawili ya mahindi yaliyobaki yakachukuliwa kwenda wilayani "kwa usalama wake". Masufuria yakatolewa nje, ukuta ukapakwa rangi ya samawati, na juu ya mlango pakaandikwa: KITUO CHA HURUMA. Uji wa saa nne ukasitishwa kwa muda.

"Muda gani?" akauliza Mama Faraji, mpishi.

"Muda wa mradi," akajibiwa.

Hawakumfukuza kazi. Walimpandisha cheo akawa Msimamizi wa Mawimbi, maana mtandao wa Kavumbi ulikuja pale tu mtu aliposimama uwanjani ameinua waya wa antena juu ya kichwa. Mama Faraji akasimama juani siku nzima, mkono juu kama mtu anayeapa.

"Miaka tisa nimeshika mwiko," alimwambia Zamoyoni. "Angalau mwiko ulikuwa na maana."

Sasa katika darasa hilo la sita alikuwamo msichana aitwaye Mashavu. Alizaliwa ana mashavu kama maandazi ya sikukuu, na bibi yake, Bibi Siwema, akampa jina hilo papo hapo, kabla hata hajauliza kama ni wa kike au wa kiume. Mama mtu alikwenda mbali kutafuta kibarua, habari zake zikakatika, wakabaki wawili, bibi na mjukuu. Alipofika miaka kumi na miwili, mashavu yalikuwa yameondoka na jina limebaki. Lakini alikuwa na ulimi mwepesi na mwandiko wa kunyooka, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu anayezungumza kana kwamba hakuna mwingine duniani. Zamoyoni akamteua kuwa msemaji wa darasa.

Walipounganishwa na Velmora kwa mara ya kwanza, watoto thelathini na tisa walijibana ndani ya stoo. Kwenye kioo akatokea msichana wa rika lao, nywele nyeupe kama pamba, jina lake Elki. Kishikwambi kilikuwa na mkalimani ndani yake. Elki akisema kwa lugha yake, sauti ya kike isiyo na haraka ilirudia kwa Kiswahili. Akawaonyesha nyumba yao, tope limepanda ukutani mpaka kwenye picha. Akasema mbwa wao alichukuliwa na maji.

Mashavu alilia. Hakulia kwa sababu ya mradi. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa ukosi wa sare.

"Pole sana Elki," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Elki akalitaja jina la mbwa. Mkalimani hakuweza kulitafsiri, wakaliacha lilivyo.

"Na siku ile ya maji mlikula nini?"

"Tulipewa supu na mkate ukumbini. Mara tatu kwa siku. Supu ilikuwa ya viazi tu, hatukuipenda."

Watoto wote, bila kuambiana, walisogea hatua moja kukikaribia kioo.

"Na ninyi?" akauliza Elki. "Leo mmekula nini?"

Kwa swali hilo Wizara ilikuwa imetoa Kadi ya Majibu. Mashavu alimtazama mwalimu wake. Zamoyoni akaielekeza kadi kwa kidole, na Mashavu akasoma kwa sauti ya kunyooka: "Sisi tumeshiba, asante. Tunawafikiria ninyi."

Baada ya hapo, wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Mwalimu, kumwambia uongo mtu unayemhurumia, ni dhambi?"

"Si uongo, mwanangu. Ni adabu. Mgeni haambiwi shida za nyumbani."

"Kumbe," akasema Mashavu. Akafikiri. "Basi nitakuwa na adabu."

Tangu siku hiyo Zamoyoni akawa anamletea kipande cha muhogo wa kuchemsha kutoka kwenye chakula chake mwenyewe, ambacho nacho hakikuwa kingi. Mashavu alishukuru kwa mikono miwili, akala nusu, na ile nusu nyingine akaizungushia karatasi ya daftari. Zamoyoni alidhani anaiweka ya jioni. Hakujua kwamba ilikuwa inakwenda kwa Bibi Siwema, na kwamba Bibi Siwema aliambiwa kila siku, "Shuleni tumekula wali leo, Bibi, hii ni ziada tu."

Mradi ukaendelea vizuri mno. Darasa la sita walitengeneza mabango ya mtandaoni, wakachora mito iliyofurika, wao ambao mto wao ulikuwa njia ya mbuzi. Watoto waliokuwa wakianguka madawatini waliandikwa kwenye fomu maalumu chini ya kichwa "kusinzia kwa tafakuri", na Mtakuja ikawa ya kwanza kiwilaya kwa tafakuri. Bwana Kidubwa alileta cheti.

Kisha ikaja Siku ya Kitaifa ya Huruma. Waziri mwenyewe alichagua kuiadhimisha Mtakuja, na madarasa yote ya Jamhuri yangeunganishwa kwa wakati mmoja kumtazama, pamoja na Velmora. Watoto walipangwa mistari saa mbili asubuhi. Waziri alifika saa nane mchana, amechelewa kwa sababu ya karamu ya kumkaribisha.

"Watoto wangu!" akaanza. "Ulimwengu unalia, na Shwari inaupa leso! Kuna mataifa yana mafuta, mengine yana dhahabu. Sisi tuna moyo! Na moyo, ndugu zangu, ni kiungo kisichohitaji kulishwa!"

Alipigiwa makofi na meza kuu. Halafu akaitwa Mashavu, asome barua yake kwa Elki. Alikuwa ameiandika mwenyewe na kuihariri mara tano. Zamoyoni alimwona akipita katikati ya mistari, sare imefuliwa mpaka imepoteza rangi, akishika karatasi kwa mikono miwili ili isitetemeke.

"Mpendwa Elki," akasoma. "Maji yalipokuja kwenu sikukujua. Sasa nakujua, kwa hiyo hata mbwa wako ni msiba wangu. Nilitaka kukwambia kwamba sisi wa huku tuko pamoja nanyi..."

Hapo akaanguka. Hakupiga kelele wala hakujishika. Alishuka chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Zamoyoni aliruka kutoka mahali pake. Bwana Kidubwa akamshika mkono. "Kamera bado, Mwalimu," akanong'ona.

Waziri aliinama, akamtazama mtoto, akainuka na machozi tayari. "Tazameni!" akapaza sauti. "Ameshindwa kubeba uzito wa maumivu ya wenzake! Nimezunguka dunia nzima, sijaona huruma ya kiwango hiki!" Akamvika Nishani ya Huruma, Daraja la Kwanza, akiwa amelala chini, na ilibidi wasaidizi wawili wamwinue kidogo ili pini ishike.

Zamoyoni akasubiri. Baadaye, kila alipoisimulia siku ile, hakuwahi kuliruka jambo hilo. Alisubiri hotuba ya shukrani mpaka ikaisha, mkono wa Bwana Kidubwa ukiwa juu ya wake, kisha ndipo akakimbia.

Alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Njiani alishangaa kwamba hakuchoka.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana mwema. Alimnywesha maji ya sukari kwa kijiko, akatafuta mshipa mkononi, akaukosa, akatafuta tena. Mashavu alifumbua macho kesho yake asubuhi.

"Mwalimu, Elki alisikia?"

"Alisikia."

"Niliishia wapi?"

"Uliishia kwenye 'pamoja nanyi'."

"Yalibaki maneno machache tu," akasema kwa masikitiko, kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Bibi Siwema alikuwa upande wa pili wa kitanda, anampapasa nyayo. "Bibi, usiwe na wasiwasi. Kesho wanapika wali."

Alifariki Alhamisi, jua likiwa halijapata ukali.

Fomu ya kifo ya Jamhuri ya Shwari ina orodha ya sababu thelathini na moja, na mganga alizisoma zote mara mbili. Aliyoitafuta haikuwemo. Akapiga simu wilayani kuomba mwongozo. Mwongozo ukaja, naye akaandika alivyoambiwa, bila kumtazama mtu usoni.

Siku tatu baada ya maziko Bibi Siwema alimwendea Zamoyoni na ile karatasi.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Nisomee wamesema mjukuu wangu kafa kwa nini."

Zamoyoni akaipokea. "Wameandika... 'huruma iliyopitiliza', Bibi."

Kikongwe akatikisa kichwa polepole, akijaribu kuelewa. "Huruma?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ya nani?"

Bibi Siwema akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga. "Mimi tangu kiangazi kianze sijamwona mwenye nayo, ila yeye. Alikuwa ananiletea muhogo. Ananiambia kashiba wali. Na mimi nikala, Mwalimu. Nikamwamini nikala."

Hapo ndipo Zamoyoni alipojua habari ya nusu ya muhogo. Wanawake wale wawili wakakaa juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na kosa lake, na hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake.

Lakini serikali hailali. Picha ya mtoto aliyezimia kwa huruma ilikuwa imezunguka dunia, na Velmora walikuwa wakiuliza: yu hali gani? Anaweza kuzungumza nasi? Jamhuri haikuona sababu ya kuwavunja moyo wageni. Bwana Kidubwa alifika Mtakuja na msichana mzuri kutoka mjini, mtoto wa dada yake, amevalishwa sare mpya na ile nishani kifuani. Alikuwa na mashavu hasa.

"Huyu atamalizia barua," akasema.

"Mheshimiwa, Mashavu tumemzika."

"Mmemzika mwanafunzi, Mwalimu. Nafasi ya Mashavu ni ya taifa. Wewe kazi yako ni kumtambulisha tu. Sema, 'Huyu hapa Mashavu.' Maneno matatu."

Zamoyoni akasema "sawa". Lilimtoka kwa mazoea.

Siku ya kuunganishwa, Mama Faraji alisimama uwanjani ameinua waya. Kioo kikawaka. Elki alikuwa ameketi mbele ya darasa lake lote, na ukutani nyuma yao walikuwa wamebandika karatasi kubwa yenye jina MASHAVU, herufi zimepakwa rangi kwa mikono ya watoto. Msichana wa mjini akatabasamu kama alivyofundishwa. Elki akamtazama. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyu si yeye," ikasema sauti ya mkalimani. "Yeye yuko wapi?"

Bwana Kidubwa akamgusa Zamoyoni kiwiko. "Maneno matatu."

Zamoyoni akasogea mbele. Watoto wa darasa la sita walikuwa wanamtazama, wote thelathini na wanane.

"Elki, mwanangu," akasema. "Mashavu amekufa. Amekufa kwa njaa. Siku ile alipokwambia tumeshiba, mimi ndiye niliyemwonyesha aseme hivyo. Alikulilia kweli. Kulia kwake hakukuandikwa na mtu."

"Waya!" Bwana Kidubwa akapiga kelele dirishani. "Mama! Shusha waya!"

Mama Faraji uwanjani hakugeuka. "Mimi ni Msimamizi wa Mawimbi," akajibu. "Hiki ni cheo changu, mheshimiwa. Nilipewa kwa barua." Akasimama kwa ncha za vidole, waya ukapanda juu zaidi, na Velmora ikaonekana safi kuliko siku zote: darasa zima la watoto wa kizungu wamefunika vinywa kwa mikono.

Zamoyoni alishtakiwa kwa kosa la kusafirisha maumivu nje ya nchi bila kibali. Hakimu alimhurumia, kwa kuwa huo ulikuwa mwaka wa huruma, akamfukuza kazi tu na kumkataza kuikaribia shule yoyote kwa hatua hamsini. Wizara ikatoa tamko kwamba mkalimani wa kishikwambi alikosea, na kwamba neno "njaa" kwa Kivelmora maana yake ni "safari".

Wavelmora hawakuridhika na somo hilo la lugha. Miezi miwili baadaye magunia arobaini ya unga yalifika mpakani, yametumwa na watoto ambao nyumba zao bado zilinuka tope. Sheria haikuruhusu unga wa msaada kuingia katika nchi isiyo na njaa. Yakakaa juani wiki tatu. Mwishowe karani mmoja wa forodha, ambaye jina lake halikuandikwa popote naye hapendi liandikwe, akapiga mhuri: UNGA WA CHAKI, VIFAA VYA SHULE. Na Mtakuja, kwa mara ya kwanza tangu stoo ipakwe rangi ya samawati, Mama Faraji akawasha moto. Watoto walikunywa chaki mpaka wakapasua mikanda.

Zamoyoni aliihesabu njia kwa hatua zake mwenyewe. Ya hamsini na moja iliangukia mbele ya kibanda cha mshona viatu, ng'ambo ya barabara. Hapo akawa anakaa asubuhi, na Bibi Siwema akawa anakuja kukaa naye, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kuzungumza naye. Kutoka pale walisikia mwalimu mpya akiita majina.

Mwenye nishani ya taifa hafutwi kwenye rejista. Ni kanuni. Mwalimu mpya alikuwa kijana mwoga, na kila asubuhi, akifika kwenye jina la Mashavu, aliliita harakaharaka, na darasa zima, kama lilivyoagizwa, likaitika, "Yupo!"

Na kwa kuwa yupo, uji wake hupikwa. Mama Faraji aliambiwa mabakuli lazima yalingane na rejista, thelathini na tisa. La thelathini na tisa watoto hawakuligusa. Hata waliokuwa bado na nafasi ya tumbo walilizunguka kwa mbali. Siku ya nne Mama Faraji hakuvumilia. Alilifunika kwa sahani, akavuka nalo barabara, akaliweka kwenye mikono ya Bibi Siwema.

"Kunywa, Bibi. Ni lake, na wewe ndiye mwenye haki nalo."

Kikongwe alilitazama. Alikuwa hajala tangu jana yake. "Siwezi kula fungu la maiti."

"Si la maiti, Bibi," Zamoyoni akamwambia taratibu, akijaribu namna yake ya zamani, ile ya kutekeleza bila kuumiza. "Serikali inasema yupo. Umesikia mwenyewe wameitika."

Bibi Siwema akageuza uso kuelekea shuleni. Alisikiliza kwa makini, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Yupo?" akauliza.



"Basi kama yupo," akasema, "mwambieni aje anywe mwenyewe."

Akaliweka bakuli mapajani, akalishika kwa mikono miwili lisimwagike, macho kwenye lango la shule. Zamoyoni akakaa pembeni yake. Wakasubiri hivyo mpaka uji ukapoa, ukafanya utando.